Shajara ya Eunos: ipi springi, ipi shokapu

Jumamosi, Fuoni

Gari ni Eunos Roadster ya 1991, injini 1.6, gia za mkono, paa la turubai. Kwa asiyeijua, hii ndiyo Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza: ilionyeshwa Chicago Februari 1989, na mwaka huohuo ikaanza kuuzwa Japani kwa jina la Eunos. Mwenyewe ni shemeji yangu, yuko kazini Maskati, na funguo zimebaki kwangu.

Aliniachia malalamiko mawili. Gari imelalia kulia, na ikipita penye mawimbi ya lami inaendelea kurukaruka hata barabara ikishanyooka. Fundi mmoja alishamaliza kesi bila kuinama: "Shokapu zimekwisha, piga chini zote nne na springi zake." Huenda yuko sahihi. Lakini vifaa vya gari hii huvikuti Darajani, wala Kariakoo huna uhakika navyo. Ni kuagiza, kulipia usafiri, kulipia ushuru, na kikifika kisichohitajika hakirudi kilikotoka. Kwa hiyo kabla shemeji hajatoa hata riali moja, nataka kila kona ya gari iseme yenyewe inaumwa nini.

Gereji zetu huviweka vitu hivi viwili kapu moja, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi, kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza ikishastuliwa. Gari ikiwa chini au imelala upande, kesi ni ya springi. Ikikataa kutulia, kesi ni ya shokapu. (Shokapu yenye gesi ina msukumo wake, inaweza kuinua gari milimita chache. Si wa kuhesabia.)

Leo nimegusa upepo tu. Matairi yalikuwa na paundi 38. Kiwandani gari hii imepangiwa 26, maana yenyewe haifiki hata tani moja. Vijana wa kujaza upepo wameshazoea Noah na Alphard, wanajaza kwa mkono wa mazoea. Nilipoyashusha, ule ugumu wa kuvunja mgongo ukapungua pale pale. Ukianza kuchunguza shokapu na matairi yamejaa hivyo, utailaumu isiyo na kosa.

Jumapili

Jirani anafyatua matofali, ana sakafu ya zege iliyopimwa kwa pima maji. Nimemwomba, kakubali, kwa sharti kwamba oili isidondoke.

Nimepima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Wengi hupima kutoka chini, halafu wanachanganya na tairi lililoliwa au upepo pungufu. Kabla ya hapo nilifungua linki za stabilaiza (fito za chuma zinazokingama chini ya gari), moja mbele na moja nyuma, kwa sababu stabilaiza huunganisha kulia na kushoto na kuficha tofauti. Kisha tukaisukuma gari mbele na nyuma kidogo ili magurudumu yakae mahali pake.

Mbele kushoto mm 361, mbele kulia 352. Nyuma kushoto 364, nyuma kulia 356.

Mwenye haraka angefunga daftari hapo: kulia kote kuko chini, basi springi mbili za kulia zimekufa. Si lazima iwe hivyo. Bodi ni kitu kimoja kigumu. Kona moja ikizama, bodi nzima inalala nayo, na nyuma itaonyesha mlalo uleule hata springi zake zikiwa nzima kabisa. Ndiyo sababu tofauti ya mbele, 9, na ya nyuma, 8, zinakaribiana namna hii. Kwa futi peke yake hujui mkosaji yuko mbele au nyuma.

Dawa yake ni kuipokonya gari ncha moja. Nikaziba magurudumu ya nyuma kwa mbao, nikaweka jeki ya magurudumu katikati kabisa ya boriti ya mbele, na kipande cha mbao juu yake, nikainua mpaka matairi ya mbele yakaachana na sakafu kwa unene wa kidole. Sasa mbele imekalia nukta moja, haiwezi kuilaza gari huku wala kule, na wenye kauli ni springi za nyuma peke yao. Nikapima nyuma: kushoto na kulia zimepishana mm 1. Nyuma haina kesi.

Nikageuza, jeki chini ya difu (lile boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma), nyuma ikaning'inia. Mbele ikapishana mm 17, karibu mara mbili ya mwanzo, kwa kuwa springi za nyuma hazipo tena kuishikilia ile dhaifu.

"Kumbe mgonjwa mmoja tu," jirani akasema.

Mmoja, mbele kulia. Na inaingia akilini: usukani uko kulia, shemeji si mtu mwembamba, na kwa tabia za wenye gari za viti viwili, kiti cha pili mara nyingi kilikuwa kitupu. Miaka yote hiyo upande mmoja umebeba zaidi.

Anayetaka kuiga: gari ikiwa juu ya jeki tupu, hakuna kuingiza mwili chini. Futi inashikwa ukiwa pembeni.

Jumanne, baada ya magharibi

Jaribio la kukandamiza bodi kila mtu analijua: unalalia kona kwa uzito wako, unaachia, unatazama. Ikipanda na kutulia, sawa. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, shokapu imekwisha. Mbele zote mbili zimetulia. Nyuma kulia imetulia. Nyuma kushoto nayo imetulia, ila kwa uvivu fulani ambao siupendi.

Jaribio hili nalipa imani ya nusu. Likikataa, amini, shokapu ni mbovu. Likikubali, bado. Shokapu inajibu mwendo: ukiisukuma polepole inajibu kidogo, ukiipiga kwa kasi inajibu sana, na mikono ya mtu haiwezi kufanana na tuta kwa kilomita 50. Tena gari ya umri huu bushi zake, yaani raba za kwenye maungio, zimekauka, zinakwaruzana na kuishika bodi zenyewe. Unasifu shokapu, kumbe iliyofanya kazi ni kutu.

Nimepitisha tochi. Shokapu ya mbele kushoto imelowa oili kuanzia katikati kwenda chini. Fundi yeyote angesema hii ndiyo iliyokufa. Lakini juu yake kidogo linapita bomba la stelingi, nalo lina jasho. Nimeifuta kwa petroli mpaka ikang'aa, nikaipaka poda ya mtoto kuanzia kwenye sili (raba ya juu inayozuia oili isitoke) hadi chini. Poda itasema.

Halafu kiganja kwenye matairi. Hili halihitaji chombo wala ujuzi: unapitisha mkono juu ya tairi kwa kuzunguka, taratibu, macho kwengine. Matatu yako laini. La nyuma kushoto lina mabonde, unapanda na kushuka kila baada ya upana wa vidole vinne hivi. Kwa macho huyaoni. Tairi hilo limekuwa likidunda juu ya lami badala ya kubingirika, linang'atwa kila linapotua. Balansi mbovu nayo huweza kuleta alama za jinsi hiyo, kwa hiyo nimeliandika kama shaka, bado si hukumu.

Alhamisi, njia ya Paje

Nimetoka Fuoni kupitia Tunguu hadi Jozani na kurudi. Sikutafuta njia hiyo kwa mandhari. Pale msituni pamewekwa matuta ili magari yasiwagonge kima punju wanaovuka barabara, na matuta yale ni kipimo kizuri kuliko mashine yoyote niliyo nayo. Yanapitwa kwa mwendo mdogo, mmoja baada ya mwingine, kila gurudumu linapata kipigo kilekile. Kima watatu walikuwa wamekaa juu ya mti kando ya njia wakiitazama gari isiyo na paa kwa dharau.

Mbele kwenye kila tuta: *ngo*. Si mlio wa bushi, bushi hulia kikavu na kwa kukwaruza. Huu ni mlio wa chuma kukutana na chuma, na unatoka pande zote mbili za mbele.

Nilikokuja hasa ni hili. Nilisimama penye kivuli, nikazima injini, nikaingiza mkono nyuma ya kila gurudumu nikashika mwili wa shokapu. Shokapu inageuza mtikisiko kuwa joto, hiyo ndiyo kazi yake yote: inalazimisha oili kupita kwenye matundu madogo, oili inapata moto. Baada ya barabara mbaya, shokapu nzima inakuwa vuguvugu. Mbele kulia, vuguvugu. Mbele kushoto, vuguvugu. Nyuma kulia ya moto kidogo kuliko wenzake. Nyuma kushoto baridi, baridi kama chuma kilicholala kivulini. Imetikiswa njia nzima na haikufanya kazi yoyote. Kavu kwa nje, imefaulu jaribio la mikono, na ni maiti.

(Uwe mwangalifu na upande wa bomba la moshi, joto lake hudanganya. Na usiguse diski za breki, hapo hutajifunza chochote ila kuungua.)

Poda ya mbele kushoto: kwenye sili imebaki nyeupe, kavu. Chini, mahali bomba la stelingi linapodondokea, imekuwa matope. Shokapu haina kosa, bomba ndilo linalovuja.

Jumamosi, kufungua

Nyuma ni rahisi: nati za juu ziko ndani ya buti nyuma ya kitambaa, spana namba 14, halafu bolti moja chini. Mbele kuna ile bolti ndefu ya mkono wa juu (mikono ni vyuma vinavyounganisha gurudumu na gari), imeganda kwa kutu ya chumvi. Gari iliwahi kulazwa miaka kadhaa karibu na ufuo, na chumvi haisahau. Niliimwagia mafuta ya kulainisha kutu jana yake na leo imetoka kwa kuisihi.

Kubana springi ndiko kunakoniogopesha kuliko kazi yoyote kwenye gari. Nimeona kwa macho yangu gereji wanaifunga kwa waya wa kuchomelea na kamba ya nailoni. Springi iliyobanwa ikiponyoka inatoka na nguvu ya kuvunja taya. Nimekodi vibanio viwili vya kweli, vimefungwa pande mbili zinazoelekeana, kila kimoja kinakazwa mizunguko michache kwa zamu, na uso wangu hauko mbele ya springi hata mara moja.

Shokapu ya nyuma kushoto nikaisimamisha mezani nikaisukuma. Ilipokuwa inashuka, sentimita mbili za mwanzo hazina kitu kabisa, mkono unapita tupu, halafu ndiyo inashika. Ukivuta, vivyo hivyo. Pampu ya baiskeli iliyokwisha ngozi. Na ilipoachwa imebaki chini, haikujirudisha juu. Gesi imetoka, hewa imechanganyika na oili, kila inapogeuza mwelekeo inapitia povu kwanza. Ya nyuma kulia imejirudisha yenyewe polepole, imeshika njia nzima, na kuvuta kugumu kuliko kusukuma, kama inavyotakiwa.

Za mbele zote mbili zinashika vizuri. Ila fimbo ya shokapu ya kulia ina madoa ya kutu, ukipitisha ukucha unakwama. Kila ikipanda na kushuka madoa yale yanaikata sili. Leo ni nzima, lakini siku zake ni za kuhesabu.

Na ule mlio wa *ngo*? Kwenye fimbo ya shokapu, chini ya mauntingi (kishikizo cha juu kinachoifunga kwenye bodi), huwa kuna raba ya povu inayopokea kipigo gari ikizama mpaka mwisho. Mbele hazipo. Kimebaki unga wa kahawia ulionimwagikia viganjani nilipofungua. Gari ilikuwa inatua juu ya chuma. Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ndicho kilichokuwa na kelele kubwa kuliko vyote.

Jumapili, mifuko ya saruji

Springi za mbele mezani: ya kulia ni fupi kwa mm 11. Lakini nimetaja pishano la mm 17 kwenye gurudumu, kwa hiyo swali litaulizwa: nyingine zimetoka wapi? Shokapu na springi hazikukaa kwenye gurudumu, zimekaa ndani zaidi kwenye mkono wa chini. Nimepima mkono wenyewe: kutoka bolti ya ndani hadi bolti ya shokapu ni karibu 0.7 ya kutoka bolti hiyo ya ndani hadi boljointi, kiungo cha mkono na gurudumu. Kinachopungua kwenye springi huonekana kikubwa zaidi kwenye gurudumu. Kumi na moja gawa kwa 0.7 ni karibu 16. Hesabu imekubali.

Sasa swali lililonikaa kichwani wiki nzima: springi iliyofupika, imelainika pia? Jirani akaleta mifuko miwili ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja. Springi imesimamishwa, bomba limepitishwa katikati isianguke, ubao juu, mifuko juu ya ubao. Ya kushoto imeshuka mm 34. Ya kulia mm 35.

Sawa kwa sawa. Springi ya chuma ikichoka hufupika, hailainiki. Ugumu wake unatokana na chuma chenyewe, unene wa waya, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko, na hakuna kati ya hivyo kilichobadilika. Kinachoweza kuilainisha ni kutu ikila waya, kwa kuwa unene unaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha nne: waya wa mm 11 ukiliwa kote ukabaki 10.5, ugumu unapungua kama asilimia 17. Kwa bahati nzuri yetu imeliwa juu juu tu. Ila kwenye mzunguko wa chini kabisa, mchanga unapojikusanya kwenye kikalio, rangi imebanduka na kuna shimo la kutu unaloweza kulihisi kwa ncha ya bisibisi. Springi huvunjikia hapo.

Fundi wa Kwerekwe, mzee ninayemheshimu kwa mambo ya gia boksi, alipita akatoa shauri: "Mwanangu, kata ya kushoto zilingane. Au tia raba katikati ya koili za kulia, ipande."

"Shikamoo mzee, lakini ukiikata inakuwa ngumu kuliko mwenzake."

"Marahaba. Ngumu si ndiyo sport?"

Alicheka, nami nikacheka, lakini sikukata. Ukipunguza mzunguko springi inakakamaa, na ule mkato hauna tena ncha ya kukaa sawasawa kwenye kikalio chake. Raba nazo zinaziua koili zinazobanwa, kazi yote inahamia kwa zilizobaki. Kuna pia wanaoipasha moto kwa gesi ili iteremke au ivutike. Huko ni kuua chuma.

Ujumbe kwa Maskati

Nimemtumia shemeji orodha kwa sauti. Springi za mbele mbili, kwa sababu springi hubadilishwa kwa jozi, na ya kushoto nayo ina umri uleule. Springi za nyuma zinabaki. Shokapu za nyuma mbili, kwa sababu hiyohiyo. Shokapu za mbele mbili pia, kwa ajili ya fimbo yenye madoa. Bila hiyo ningeziacha. Raba za povu nne. Bomba la stelingi.

Akajibu usiku kwa picha ya springi nyekundu za kushusha gari. "Shemeji, vipi hizi? Inakaa chini, inapendeza."

"Inapendeza Maskati, shemeji. Huku tuna matuta." Gari hii ina nafasi ndogo ya kuzama tangu kiwandani. Ukiishusha zaidi, inaishi juu ya zile raba, na tumeshaona raba zinaishia wapi. Akakubali kwa shingo upande.

Mzigo umetoka bandarini

Vifaa viko Fuoni. Kufunga ni kinyume cha kufungua, ila kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita. Bushi za mikono hii zimegandana na bomba lake la ndani. Mkono ukizunguka, raba inajipinda. Ukikaza bolti zake gari ikiwa hewani na magurudumu yananing'inia, unazifungia bushi katika hali hiyo. Ukiishusha, zinapindika, zinaisukuma gari juu na kuvuruga vipimo vyako, na baada ya miezi zinachanika. Kwa hiyo nimezikaza kwa mkono tu, nikaishusha juu ya mbao nene nne ili nipate nafasi ya spana, nikaitikisa ikae, na hapo ndipo nikakaza kwa nguvu.

Mbele kushoto 367, mbele kulia 366. Nyuma 360 na 360.

Tazameni za nyuma. Springi ni zilezile za zamani. Kushoto ilikuwa 364, imeshuka. Kulia ilikuwa 356, imepanda. Kosa lilikuwa mbele tangu mwanzo, na kununua springi za nyuma kungekuwa kumtajirisha mtu mwengine. Springi mpya huzama kidogo zikizoea, nitapima tena baadaye.

Matuta ya Jozani: kimya mbele. Nyuma inatua mara moja na kunyamaza. Shokapu nne, joto lake linalingana. Tairi lenye mabonde bado linavuma, na litavuma mpaka libadilishwe; mabonde hayajifuti.

Kazi inayofuata ni wili alaimenti, kwa kuwa urefu umebadilika na magurudumu yamebadilika nao. Gari hii inarekebishwa kwa bolti za kamu, zinazousogeza mkono zikizungushwa, kwenye mikono ya chini, mbele na nyuma. Nimezijaribu zote. Za mbele zinazunguka. Ya nyuma kulia imegandana na bomba la bushi, haitaki hata kutikisika, na nimeshaanza kuimwagia mafuta. Ikikataa, itakatwa na bushi yake, kwa hiyo shemeji, ukisikia huu ujumbe, ongeza bolti ya kamu moja na bushi mbili kabla hujafunga mzigo wa pili.